Hamira, Baridi ya Iringa na Jinsi Seli Inavyojua Saa ya Kugawanyika

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliotoka Mafinga na Kilolo katika baridi hii, asanteni kwa kufika.

Naomba nianzie kwenye beseni la unga. Kila mama anayepika maandazi hapa Iringa anajua kwamba mwezi wa Juni unga huchelewa kuumuka, na ndiyo maana hulifunika beseni kwa kitambaa na kulisogeza karibu na jiko la mkaa. Hamira ni kiumbe hai, na kijiko kimoja tu cha chai kina mabilioni ya seli; joto huzichangamsha, baridi huzizubaisha. Joto hilohilo ndilo alilolitumia Leland Hartwell, mtafiti wa Marekani, alipotaka kujua seli inaongozwa na nini hata igawanyike kwa wakati wake.

Seli ya hamira haijikati katikati, bali huchipua. Chini ya hadubini utaona kitu kama yai, chenye upana wa takriban sehemu tano za elfu za milimita, na ubavuni mwake kivimbe kidogo ambacho hukua hadi kukaribia ukubwa wa mama yake, ndipo huachana. Chakula na joto vikitosha, kazi hiyo huchukua kama dakika 90. Kwa hiyo ukitazama ukubwa wa chipukizi tu, unajua seli imefika hatua gani.

Ukiiharibu kabisa jeni, yaani agizo la urithi lililomo ndani ya seli, ambayo seli haiwezi kuishi bila hiyo, seli hufa nawe unabaki bila chochote cha kuchunguza. Hartwell alitafuta hamira zenye jeni yenye kasoro ya namna ya pekee: kwenye nyuzi 23 inafanya kazi, kwenye nyuzi 36 inakwama. Alizikuza katika ubaridi, akapandisha joto, akaangalia zimesimama katika hatua gani, maana hapo ndipo jeni hiyo inapohitajika. Aina moja zilisimama zote zikiwa na chipukizi kubwa. Aina nyingine hazikuwa na chipukizi kabisa. Mimi nauhesabu utafiti huu, ulioanza kuzaa matunda mwaka 1970 na 1971, miongoni mwa kazi nzuri kuliko zote za baiolojia. Jeni zilizopatikana zilizidi 100, na moja kati yake, CDC28, ndiyo inayoiruhusu seli kuanza mzunguko wake wa kugawanyika.

Mwanafunzi mmoja ameniuliza pale mlangoni: haya yanamhusu nini mgonjwa? Yanamhusu sana, kwa kuwa saratani ni seli zinazogawanyika bila kizuizi. Paul Nurse wa Uingereza alichunguza chachu nyingine, Schizosaccharomyces pombe, iliyopatikana katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki na kupewa jina mwaka 1893; ndiyo, ni neno letu lenyewe. Mwaka 1987 Nurse na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu, ikitiwa ndani ya chachu hiyo ambayo jeni yake ya kuongoza mgawanyiko imeharibika, huiwezesha kugawanyika tena. Hartwell, Nurse na Tim Hunt, mtafiti mwingine wa Uingereza wa mgawanyiko wa seli, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Mezani pana chupa mbili za hamira na sukari nilizozitayarisha saa moja asubuhi: moja imekaa dirishani, nyingine katika maji ya vuguvugu. Hadubini ziko tayari. Njooni kwa zamu, mhesabu katika kila chupa ni seli ngapi kati ya mia zenye chipukizi.