Rimoti, Karata na Mkono Uliopooza

Wenzangu mnaosomea mazoezi ya viungo, leo nimekuja na gemu.

Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo walitoa Wii, mashine ya gemu inayounganishwa na runinga. Ukishika rimoti yake ukarusha mkono, mchezaji wa kwenye runinga naye anarusha. Ilitengenezewa sebule, lakini haikukawia kuingia wodini, hasa kwa waliopata kiharusi. Sababu mnaijua: mkono uliopooza hurudi kwa kurudiarudia, na kurudiarudia kunachosha. Mwambie mzee ainue kopo mara hamsini, ya kumi tu ameshanuna. Mpe tenisi, atadai mchezo mwingine.

Asiyeweza kukunja vidole hufungiwa rimoti kiganjani kwa bandeji. Hapo msitazame runinga, mtazameni yeye. Rimoti inahisi mtikisiko wake yenyewe. Haijui kama kiwiko kimenyooka. Watoto waligundua mapema: unajikalia kwenye kochi, unatikisa kifundo cha mkono, pointi zinaingia. Mgonjwa naye atagundua. Kiwiliwili chote kinakwenda mbele, bega limepanda hadi sikioni, na runinga inamshangilia!

Je, inasaidia? Dkt. Gustavo Saposnik wa Toronto alianza na wagonjwa 22, na matokeo ya 2010 yakatia moyo. Bahati nzuri hakuridhika. Mwaka 2016 yeye na wenzake wakatoa utafiti wa wagonjwa 141 kutoka Kanada, Argentina, Peru na Thailand. Kundi moja lilicheza Wii. Jingine karata, bingo na michezo mingine ya kawaida. Vipindi kumi vya saa moja, ndani ya wiki mbili, juu ya matibabu yao ya kila siku. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Wii haikuzishinda karata.

Wapo walionywea. Mimi nilifurahi, maana karata unaichomoa, unaigeuza, unaipiga mezani. Vidole vinafanya kazi ambayo rimoti haividai. Na pakiti ya karata iko duka lolote la mtaani. Dhumna hatujaitaja, nayo haikuwa kwenye utafiti ule, lakini hebu mtazameni mzee anavyoibamiza barazani: bega, kiwiko, vidole, vyote vimo.

Basi, rimoti hii hapa, karata hizi hapa, bandeji ninayo. Nani anakuja mbele tumfunge mkono?