Kiwanja cha Soko la Samaki: Wanawake wa Liberia na Rais Waliyempigia Kura

ZUHURA: Kamau, mtu akitajiwa wanawake wa Liberia waliodai amani mwaka 2003 atakwambia mambo mawili tu. Waliwanyima waume zao unyumba, na kuna mmoja alitaka kuvua nguo kwenye mazungumzo ya amani. Leo nataka hayo mawili yasubiri.

KAMAU: Dada, ukiyachelewesha nusu ya wasikilizaji watatutoroka.

ZUHURA: Watoroke. Nataka kuongea na watakaouliza: wanawake wale walipataje watu, waliwakusanya wapi, na siku ya pili waliwarudishaje. Maana siku ya kwanza watu huja. Siku ya pili ndiyo kazi.

KAMAU: Sawa, lakini tuanze na Charles Taylor, kwa sababu kuna wadogo zetu wanaosikiliza ambao hawakuwa wamezaliwa. Jamaa ni kiongozi wa waasi, anavuka mpaka kutoka Ivory Coast mkesha wa Krismasi mwaka 1989, anaingia jimbo la Nimba na wapiganaji wachache. Vita inaendelea mpaka 1997. Halafu unaitishwa uchaguzi, na Taylor anashinda kwa karibu asilimia 75.

ZUHURA: Na vijana barabarani wanaimba: kamuua mama yangu, kamuua baba yangu, nitampigia kura.

KAMAU: Mimi hapo ndipo huwa nakwama. Unampigiaje kura mtu kama huyo?

ZUHURA: Hukwami ukikumbuka walikuwa wametoka wapi. Watu walipiga hesabu: huyu akishindwa anarudi msituni, na sisi tunarudi kukimbia. Bora akae Ikulu. Wala sidhani walikuwa wajinga. Hesabu ndiyo iliyokataa, kwa sababu mwaka 1999 vita ikarudi. Waasi wa LURD wakatokea upande wa Guinea, halafu mwaka 2003 likaja kundi jingine, MODEL, kutoka upande wa Ivory Coast.

KAMAU: Kwa hiyo mwaka 2003 una rais aliyechaguliwa, anayesema mimi ndiye serikali halali na hao ni magaidi. Una waasi wanaosema hatuachi bunduki mpaka atoke. Na una Monrovia iliyojaa wakimbizi wa ndani.

ZUHURA: Na katikati kuna Leymah Gbowee, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, Mlutheri. Alikuwa amefanya kazi ya kuwatibu watu majeraha ya moyo, wakiwemo vijana waliopigana wakiwa watoto. Kanisa lao lilikuwa St. Peter's Lutheran pale Monrovia. Mwaka 1990 wanajeshi wa serikali ya Samuel Doe, rais wa wakati huo, waliwaua watu wapatao 600 waliokuwa wamejificha humo. Kwa hiyo alipowaita wanawake waje kusali, hakuwa akiwaita jengo geni. Kila mtu alijua sakafu ile imeona nini.

KAMAU: Ila kanisa peke yake halikutosha.

ZUHURA: Halikutosha, na aliyeligundua hilo alikuwa Mwislamu. Asatu Bah Kenneth, ofisa wa polisi. Yumo ndani ya mkutano wa akina mama wa Kikristo, anasimama anasema: na mimi nakwenda kuwaleta wanawake wa Kiislamu. Wapo waliosita. Wengine walihisi wakisali na Waislamu imani yao itapungua. Jibu la waandaaji lilikuwa swali: risasi ikija, huwa inauliza dini?

KAMAU: Hapo mtu hana la kusema.

ZUHURA: Halafu wakagawana siku. Ijumaa msikitini baada ya sala. Jumamosi sokoni. Jumapili kanisani. Hivyo hivyo, wiki baada ya wiki, tangu mwaka 2002, kabla hata kamera moja haijafika. Wanagawa vikaratasi, na kwa asiyejua kusoma wakatengeneza vyenye michoro. Kamau, mimi nimekaa kwenye kamati nyingi za mtaa hapa Dar. Nakwambia hiyo michoro ni akili kubwa kuliko hotuba zote. Ukimpa mama karatasi asiyoweza kusoma, umemwambia jambo hili si lake.

KAMAU: Na fedha? Maana huku kwetu mkutano bila posho, watu wanaangalia saa.

ZUHURA: Walikuwa wakichangiwa na watu hapa na pale, maji, chakula, nauli. Lakini tazama mavazi. Fulana nyeupe, kitambaa cheupe kichwani, hakuna vito, hakuna rangi ya mdomo. Huwezi kumtambua mke wa waziri na muuza samaki. Na soko la samaki lenyewe, pale Sinkor, liko kando ya Tubman Boulevard, barabara anayopita Taylor kwenda na kurudi kazini.

KAMAU: Wacha! Kwa hiyo wanakaa njiani.

ZUHURA: Hawamfuati Ikulu wakafukuzwe. Wanakaa kwenye kiwanja, anawapita yeye. Aprili 2003 wanaanza, maelfu. Jua linawachoma, mvua ikija inawanyeshea, na mvua ya Monrovia si ya mchezo. Bango linasema wanawake wa Liberia wanataka amani sasa. Leo anawapita, kesho anawapita. Mwishowe tarehe 23 Aprili anakubali kuwaona.

KAMAU: Niliwahi kusoma kuhusu siku hiyo. Gbowee anasoma tamko, lakini akimaliza hamkabidhi Taylor.

ZUHURA: Anamtazama Grace Minor, aliyekuwa mwanamke kati ya wakubwa pale jukwaani, kiongozi wa Seneti, na kumwomba yeye ampe rais. Sasa sikiliza walichodai, mambo matatu tu: mapigano yasimame bila masharti, serikali na waasi wakae mezani, na kije kikosi cha kimataifa. Umesikia "Taylor aondoke"?

KAMAU: Sijasikia.

ZUHURA: Kwa sababu halikuwemo. Waliamua siasa ibaki nje ya kiwanja. Ukisema aondoke, umeshakuwa upinzani, na upinzani Liberia ya wakati ule ulikuwa unaishia gerezani. Ukisema tumechoka kuzika watoto, atakujibu nini? Na kauli hiyo hiyo wakaipeleka kwa waasi. Walituma wenzao Freetown wakaonane na wakubwa wa LURD hotelini.

KAMAU: Dada, hapa nataka tubishane kidogo. Taylor aliondoka Agosti 11, 2003, akapanda ndege kwenda Calabar, Nigeria. Lakini ukiniuliza nani alimtoa, mimi nahesabu mizinga ya LURD iliyofika Monrovia. Nahesabu Mahakama Maalumu ya Sierra Leone, iliyotangaza mashtaka dhidi yake kwa makosa ya vita ya nchi hiyo jirani, tarehe 4 Juni, siku ile ile mazungumzo yanafunguliwa Ghana, akakimbia kurudi nyumbani. Nahesabu Rais George Bush wa Marekani kusema hadharani lazima aondoke, na meli za kivita za Marekani zikiwa zinaonekana baharini. Nahesabu wanajeshi wa Nigeria waliotua mapema Agosti. Ukitoa hivyo vyote ukabakiza fulana nyeupe, Taylor bado yuko Ikulu.

ZUHURA: Nakubali.

KAMAU: Ati unakubali? Nilikuwa nimejipanga.

ZUHURA: Nakubali kwamba wanawake peke yao wasingemtoa. Lakini toa wanawake, bakiza mizinga. Unapata nini? Unapata LURD wameingia Ikulu kwa bunduki, na Taylor mwingine anaanza. Liberia ilishaona hiyo sinema. Doe alimpindua Rais Tolbert mwaka 1980, naye Doe akauawa mwaka 1990. Bunduki zinajua kumtoa mtu. Kuwakalisha waliobaki mezani ni kazi nyingine.

KAMAU: Basi twende Ghana.

ZUHURA: Twende. Mazungumzo yalipangwa yawe mafupi, yakaenda wiki sita, saba. Wajumbe wako hotelini, wanalipwa posho, wanagombania nani atapata wizara gani. Huku Monrovia watu wanakunywa maji ya visima vichafu. Wanawake wamewafuata, na wameongezewa nguvu na wenzao kutoka kambi ya wakimbizi ya Buduburam, nje kidogo ya Accra. Kila asubuhi wamekaa nje ya ukumbi. Tarehe 21 Julai, habari zinafika kwamba makombora yameanguka Monrovia hadi kwenye eneo la ubalozi wa Marekani walikojificha raia.

KAMAU: Na hapo ndipo unanipa ulichoninyima tangu mwanzo.

ZUHURA: Haya, chukua. Wanakaa mlangoni wameshikana mikono, kama mia mbili, na kupeleka ujumbe ndani kwa msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria: ukumbi umetekwa, hatoki mtu. Walinzi wanakuja kumkamata Gbowee. Anasema sitawasumbua, nitavua nguo zote hapa. Anaanza na kilemba.

KAMAU: Huku kwetu hiyo hatuhitaji kuelezwa. Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park, Nairobi, kwenye kona ile tunayoiita Freedom Corner, wakagoma kula. Wangari Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na rungu na gesi, na wazee wetu wale wakavua nguo. Mama wa rika la mamako akivua nguo mbele yako kwa hasira, hiyo ni laana. Askari wengine waligeuza nyuso. Baadaye akina mama wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa humo miezi na miezi, na mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wameachiliwa.

ZUHURA: Umesema miezi na miezi. Watu wanakumbuka kuvua nguo, hawakumbuki kulala kanisani mwaka mzima.

KAMAU: Ni kweli, hata mimi ile ya kanisani ilinibidi niikumbuke kwa nguvu.

ZUHURA: Pale Accra ilikuwa hivyo hivyo. Kuna mjumbe alijaribu kuwaruka akina mama ili atoke, Abubakar akamgombeza, kwamba angekuwa mwanamume kweli asingekuwa anaua watu wake. Akawarudisha wote ndani. Tarehe 18 Agosti mkataba ukasainiwa. Na ule mgomo wa unyumba, Gbowee mwenyewe amewahi kusema haukubadili mambo sana, ila uliwaleta waandishi wa habari.

KAMAU: Halafu hawakwenda nyumbani.

ZUHURA: Hapo ndipo mimi nawavulia kofia. Desemba 2003 Umoja wa Mataifa ulianza kukusanya silaha, mambo yakavurugika kambini, na wanawake wakaenda kuwatuliza vijana wale, wengine waliowazaa wenyewe. Ukaja uchaguzi wa 2005. Wanawake wa sokoni hawajiandikishi kupiga kura. Si kwamba hawataki. Akifunga meza siku moja, watoto hawali. Basi wenzao wakaenda wakawalindia biashara na kuwabebea watoto ili wakapange foleni.

KAMAU: Ellen Johnson Sirleaf akamshinda George Weah duru ya pili, kwa asilimia 59 na ushee. Mwanamke wa kwanza barani kuchaguliwa rais. Lakini Dada, kuna sehemu ya hadithi hii ambayo hupenda kufupishwa.

ZUHURA: Iseme.

KAMAU: Mwaka 2009 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Liberia ilitoa ripoti. Katika watu iliyopendekeza wasishike uongozi kwa miaka 30, Sirleaf yumo, kwa sababu alimuunga mkono Taylor vita vilipoanza. Yeye alikiri kumsaidia mwanzoni, akaomba radhi. Mahakama Kuu yao ikasema adhabu hiyo inavunja katiba. Akagombea tena 2011, akashinda, na mwaka huo huo yeye na Gbowee wakapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

ZUHURA: Na mwaka 2012 Gbowee akajiuzulu uongozi wa mpango wa maridhiano aliopewa na Sirleaf, akamlaumu waziwazi kwa rushwa na kuwapa wanawe vyeo. Taylor naye alifungwa miaka 50, yuko gerezani Uingereza. Kwa makosa ya Sierra Leone. Kwa ya Liberia hajashtakiwa na mahakama yoyote hadi leo.

KAMAU: Rais Boakai alisaini amri Mei 2024 ya kuanzisha ofisi ya kuandaa mahakama ya makosa ya vita.

ZUHURA: Ofisi ya kuandaa. Miaka 21 baada ya mkataba.

KAMAU: Ile ile uliyoiita siku ya pili.

ZUHURA: Na wapo wababe wa vita waliochaguliwa wakakaa Seneti. Prince Johnson, ambaye watu wake walimtesa Doe mpaka kufa huku yeye anapigwa picha ya video, alikuwa seneta wa Nimba tangu 2006 mpaka alipofariki 2024. Watu wa Nimba walimpigia kura tena na tena.

KAMAU: Kwa hesabu ile ile ya 1997?

ZUHURA: Hapana, hii ni nyingine. Nimba walimwona mtetezi wao dhidi ya Doe. Hiyo inataka kipindi chake, na wiki ijayo wewe ndiye utakayesoma.