Umungu Mmoja, Nafsi Tatu: Kufundisha Utatu Bila Kuupotosha

Ndugu walimu wa katekisimu, nanyi mnaoandaa watu kwa ubatizo, leo tuna fundisho moja tu: Utatu Mtakatifu. Ndilo tunaloliungama kila tunapobatiza, na ndilo tunalolikwepa kila tunapoulizwa swali. Mwalimu akibanwa husema "hilo ni fumbo", kisha anafungua ukurasa mwingine. Ni fumbo kweli. Lakini Kanisa halikuishia hapo. Lilikaa likapima maneno, likashika yanayoibeba imani na kuyakataa yanayoivunja. Maneno hayo tunayo, na yanafundishika.

Anzeni na kauli tatu. Mungu ni mmoja. Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho Mtakatifu ni Mungu. Baba si Mwana, Mwana si Roho, Roho si Baba. Zitoeni zote katika Maandiko kabla hamjalitaja neno "Utatu", maana neno lenyewe halimo katika Biblia na mwanafunzi atawaambia hivyo. Kwa ya kwanza someni Kumbukumbu la Torati 6:4. Kwa ya pili, Yohana 1:1 na 20:28, na Matendo 5:3-4, ambapo kumwambia uongo Roho ni kumwambia uongo Mungu. Kwa ya tatu, ubatizo wa Yesu: Mwana yumo majini, Roho anashuka, sauti ya Baba inasikika, na yote ni kwa wakati mmoja.

Msiutumie ule mstari wa 1 Yohana 5:7 wenye "Baba, na Neno, na Roho" uliomo katika baadhi ya tafsiri za zamani. Haumo katika nakala za Kigiriki za kale kabisa. Mkiujengea hoja, anayelijua hilo atachomoa tofali moja na ukuta wote utaanguka.

Sasa shikeni Mathayo 28:19: "kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu". Mwulizeni mwanafunzi: ni jina au majina? Ni jina, moja, kisha watajwa watatu. Fanyeni vivyo hivyo na Yohana 10:30. Yesu hasemi "Mimi na Baba tu mmoja"; Biblia ya Union imeandika "tu umoja", na hapo watafsiri walikuwa makini sana, kwa sababu Kigiriki kimetumia neno la "kitu kimoja", si "mtu mmoja". Herufi moja ya mwanzo, u badala ya m, inatulinda tusimchanganye Baba na Mwana.

Kosa huja pale kauli mojawapo inapoachwa. Ukiiacha ya tatu, umeingia kwa Sabelio, aliyefundisha kwamba Mungu ni mmoja anayejionyesha kwa sura tatu. Mfano wa maji, barafu na mvuke unafundisha hivyo hasa: maji yaleyale yanabadili hali. Ukiiacha ya kwanza una miungu watatu. Mfano wa yai unaelekea huko, kwa kuwa ganda, ute na kiini ni vipande, na ganda peke yake si yai. Ilhali Baba si theluthi ya Mungu. Kwa maoni yangu acheni mifano hii yote miwili, hata kwa watoto. Mtoto huusahau ufafanuzi, mfano unabaki naye miaka arobaini.

Ukiiacha ya pili, umefika kwa Ario, na hapa tukae kidogo. Ario, padri wa Aleksandria, alimheshimu Mwana mno: wa kwanza wa viumbe, mkuu kuliko malaika wote. Lakini alisema kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako. Alipenda Mithali 8:22, ambayo katika tafsiri ya Kigiriki ilisomeka "Bwana aliniumba". Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325, ulitafuta neno ambalo wafuasi wake wasingeweza kulikariri huku wakimaanisha kingine. Lilikuwa homoousios, tunalolisali kwa Kiswahili "mwenye umungu mmoja na Baba". Kabla yake tunasema "aliyezaliwa bila kuumbwa". Simameni kwenye vitenzi hivyo viwili. Seremala hutengeneza kiti, na kiti si mtu. Lakini humzaa mwana, na mwana ni mtu kama yeye. Anayezaliwa ana asili ya mzazi. Ongezeni mara moja: huku kuzaliwa hakuna mama, hakuna mwili, hakuna siku.

Kwa nini kupigania hivyo? Atanasi, askofu wa Aleksandria aliyempinga Ario, alijibu: kiumbe hawezi kuwaunganisha viumbe na Mungu. Kama Mwana ameumbwa, basi yeye naye yuko upande wetu wa mto, na daraja halijafika ng'ambo.

Wakiwauliza kuhusu Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", jibu limo katika Mtaguso wa Kalkedonia, 451: Kristo ni mmoja katika asili mbili, pasipo kuchanganyika wala kutengana. Kwa ubinadamu wake ni mdogo kwa Baba. Kwa umungu wake ni sawa naye. Kuhusu Roho, Mtaguso wa Konstantinopoli, 381, uliongeza kwamba "anaabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana". Nani huabudu kiumbe?

Neno "nafsi" nalo lielezeni mapema. Kwa Kiswahili cha kila siku nafsi ni roho ya mtu, au "mimi" wake wa ndani, na mwanafunzi akisikia "nafsi tatu" anaona watu watatu wenye fikra tatu na matakwa matatu. Mwambieni kwamba hapa nafsi inajibu swali "nani?", na umungu unajibu swali "nini?". Ni nani? Baba, Mwana, Roho. Ni nini? Mungu mmoja, utashi mmoja, uweza mmoja.

Mwisho, sikilizeni sala za wanafunzi wenu, maana ndipo kosa hujitokeza. Anayesali "Baba, tunakushukuru kwa kuwa ulitufia msalabani" amemsulubisha Baba. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Afrika ya Kaskazini, alimlaumu mwalimu aitwaye Prakseas kwa kosa hilohilo mwanzoni mwa karne ya 3. Msimkatize. Akishamaliza, mwonyesheni: "Baba, tunakushukuru kwa kumtoa Mwanao atufie", kisha asali tena.