Mshipi Uliokatwa Haujapotea

Ndugu wavuvi wenzangu, kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kunisikia nikizungumza juu ya uchafu na wanyamapori, sitarudia habari za chupa na mifuko. Chupa huonekana, na mwenye haya huiokota. Ninalolileta tena, na nitaendelea kulileta hadi lieleweke, ni suala la mshipi, yaani uzi wa nailoni tunaovulia.

Besi wa Ziwa Naivasha, aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929, ni samaki wa kuvizia. Hujibanza kwenye mafunjo na, tangu ziwa lilipofurika na kuingia msituni, katikati ya migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini. Ndiyo maana sisi tunaotumia chambo bandia hukitupa humo humo, karibu na shina kadiri mkono unavyoruhusu, na chambo chenye ndoana za ncha tatu kikienda kombo hata kwa shubiri moja hunasa tawini. Mvuvi huvuta, huvuta tena, kisha hutoa kisu. Boti huondoka, na nyuma yake hubaki mita kadhaa za nailoni zikining'inia.

Sasa tazameni ni nani mwingine anayeutumia mti ule. Furukombe hutua pale kuchungulia maji, mnandi hutua pale kuanika mabawa, na mdiria naye ana tawi lake.

Mwendesha boti mmoja aliwahi kunipeleka kwenye mti wa namna hiyo, ambako mnandi alikuwa ananing'inia kichwa chini, bado hai. Mshipi ulikuwa umezunguka bawa mara mbili kwenye kiungo, na kila alipopiga bawa ulizidi kukaza, hata ukapasua ngozi na mfupa ukaonekana. Ncha moja ya ndoana ilikuwa imepenya utando wa mguu. Tulikata nyuzi, tukaitoa ndoana kwa koleo, lakini ndege alikufa kabla hatujafika gatini. Nilikichunguza kile chambo: rangi yake ilikuwa mpya, na fundo lilikuwa limefungwa kwa ustadi, fundo la mtu anayeijua kazi. Ndugu zangu, hilo halikuwa tendo la mtoto wa ufukweni wala la mgeni asiyejua. Lilikuwa letu.

Najua mtaniambia kwamba nyavu za wavuvi wa biashara huua zaidi. Nyavu zilizoachwa zinaua, sikatai. Lakini mwenye wavu hurudi kuutafuta kwa kuwa ndio riziki yake, ilhali sisi hufungua sanduku na kufunga chambo kingine. Mtaniambia jua litaumaliza mshipi. Jua huidhoofisha nailoni polepole, lakini ndani ya maji na kivulini hukadiriwa kudumu mamia ya miaka, na vipande vyake haviozi, huwa vidogo tu. Yupo pia anayesema kwamba besi mwenyewe ni mgeni ziwani. Ni kweli, lakini furukombe si mgeni. Na msiitegemee sheria: marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017 nchini Kenya haikuugusa mshipi, wala hakuna askari atakayekagua sanduku lako.

Kwa hiyo, chambo kikinasa, sogeza boti hadi kwenye mti ukakinasue kwa mkono. Usikivute ukiwa mbali, maana mshipi hukatikia katikati na sehemu kubwa hubaki. Kwenye matawi mazito, tumia ndoana moja ambayo ncha yake imefichwa ndani ya mnyoo wa plastiki, yaani chambo bandia laini chenye umbo la mnyoo.

Huo mnyoo nao ulistahili mhadhara wake. Ukichanika, usiutupe majini: majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2009 yalionyesha kwamba samaki aina ya trauti waliomeza plastiki hiyo laini walikaa nayo tumboni kwa wiki nyingi na kupungua uzito. Kuhusu chubwi za risasi, vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia mshipi, nitataja moja tu, kwamba Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa zile ndogo mwaka 1987 kwa sababu ya batamaji waliokuwa wakizimeza na kufa kwa sumu.

Naona mwenyekiti ananyanyua saa. Mishipi mtakayorudi nayo leo ikateni vipande vifupi kuliko kidole kabla ya kuitia kwenye pipa lenye kifuniko, kwa kuwa jalalani nako kuna korongo na mbuzi.