Wengi Waliokuwa Wachache: Maana na Matumizi ya Neno Ubolsheviki

Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu na wanafunzi, assalaam alaykum.

Neno nililoombwa kulizungumzia jioni hii ni Ubolsheviki. Katika baraza zetu za hapa Unguja neno hili hutumika zaidi kama kijembe kuliko kama istilahi. Mtu akionekana anapenda mno kugawa mali za wenzake, au haonekani msikitini, huitwa komunisti, na msemaji aliyesoma kidogo zaidi humwita Bolsheviki, kana kwamba maneno hayo mawili ni pacha. Rai yangu ni kwamba si pacha. Ukomunisti ni jina la jamii inayotafutwa, ambamo mali za uzalishaji ni za wote na matabaka yameondoka. Ubolsheviki ni jina la njia moja mahsusi ya kuifikia, na kiini cha njia hiyo ni namna ya kuunda chama.

Asili yake ni kura. Mwaka 1903 Chama cha Wafanyakazi cha Demokrasia ya Kijamii cha Urusi kilifanya mkutano wake mkuu wa pili, ulioanzia Brussels na kumalizikia London. Wajumbe waligombana juu ya kifungu cha kwanza cha katiba: nani ahesabiwe mwanachama? Lenin, aliyekuja kuongoza mapinduzi ya Urusi ya 1917, alitaka mwanachama awe mtu anayeshiriki mwenyewe katika mojawapo ya vyombo vya chama. Martov, mwenzake katika chama, alitosheka na mtu anayekisaidia chama mara kwa mara chini ya uongozi wa chombo kimojawapo. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini sisi tunaijua vizuri: ni tofauti kati ya mpenzi wa kikundi cha taarabu anayekuja kutunza siku ya onyesho, na mwanakikundi anayehudhuria mazoezi kila usiku, mvua inyeshe isinyeshe.

Lenin alishindwa katika kura hiyo, 22 dhidi ya 28. Baadaye, kwa sababu za ugomvi mwingine, wajumbe 5 wa Bund, jumuiya ya wafanyakazi wa Kiyahudi, pamoja na wengine 2, waliondoka mkutanoni, na wote 7 walikuwa wamempigia Martov. Ilipofika zamu ya kuchagua wahariri wa gazeti la chama na kamati kuu, upande wa Lenin ukawa ndio wenye wingi. Kwa Kirusi wingi huo huitwa bolshinstvo, na aliye upande wake ni bolshevik. Uchache ni menshinstvo, na mtu wake ni menshevik. Waswahili husema wengi wape. Lenin hakungoja kupewa: alilichukua jina, na wenzake wa upande wa pili, kwa uzembe ambao mpaka leo unanishangaza, wakakubali kuitwa Wachache.

Jina hilo halikufuata hesabu tena. Katika Kongamano la kwanza la Masovieti, yaani mabaraza ya wafanyakazi na askari, ya Urusi nzima, Juni 1917, Wabolsheviki walikuwa na wajumbe 105, ilhali Wamensheviki walikuwa 248 na Wasoshalisti wa Kimapinduzi 285. Hata baada ya kushika dola mwezi Oktoba kwa kalenda ya zamani ya Urusi, katika uchaguzi wa Bunge la Katiba walipata takriban robo ya kura. Kwa hiyo anayefasiri Ubolsheviki kuwa ni utawala wa walio wengi ameifasiri etimolojia, yaani asili ya neno, hajaifasiri itikadi. Itikadi yenyewe ni chama cha watu walioteuliwa na kufunzwa, wanaojadiliana ndani kwa ndani, na uamuzi ukishapita kila mmoja anautekeleza kama kwamba ulikuwa wake tangu mwanzo.

Niruhusuni nigeukie sarufi kidogo, maana hapa lugha yetu imefanya jambo la kupendeza. Kirusi huongeza i mwishoni kupata wingi: bolshevik mmoja, bolsheviki wengi. Kiswahili hakipendi neno kuishia na k, kikaongeza i kwa ajili ya ulimi tu, na hivyo Bolsheviki mmoja wa Kiswahili akafanana na wengi wa Kirusi. Tunaposema Wabolsheviki tunatia wingi juu ya wingi. Kisha tunaweka u- kupata itikadi, kama tunavyopata ukoloni kutoka kwa mkoloni. Ndiyo maana sioni haja ya umbo la ubolshevizimu, ambalo ni zito kulitamka na halituongezei maana.

Chama hicho kilijiita cha Kikomunisti mwaka 1918, huku neno Bolsheviki likibaki kwenye mabano ya jina lake hadi 1952. Nje ya Urusi neno lilikwisha kuwa la kutishia watu. Ng'ambo ya bahari yetu hii, Waingereza waliwashtaki wanaharakati wa India katika kesi ya Kanpur ya mwaka 1924, iliyoitwa kesi ya njama ya Mabolsheviki. Na baada ya Lenin kufariki mwaka huohuo, viongozi wawili wa chama, Stalin na Trotsky, kila mmoja alidai kuwa yeye ndiye mrithi. Wafuasi wa Trotsky walijiita hasa Wabolsheviki-Walenini. Neno likidaiwa na mahasimu wawili, mwandishi makini hana budi kusema ni la nani analolikusudia.

Hapa kwetu, mwanasiasa Abdulrahman Babu alipotoka Hizbu, yaani chama cha ZNP, mwaka 1963 na kuanzisha chama, alikiita Umma. Nalo ni jina la watu wengi lililopewa chama kichanga, ambacho serikali ilikipiga marufuku mwanzoni mwa Januari 1964, siku chache kabla ya Mapinduzi. Magazeti ya Magharibi yakaiita Zanzibar Kuba ya Afrika. Nani alifanya nini usiku ule si mada yangu. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi akisoma kwamba Zanzibar ilikuwa na Wabolsheviki, aulize: katika chama gani, chenye masharti gani ya uanachama? Afro-Shirazi, kilichouchukua Umma ndani yake mwaka 1964, kilikuwa chama cha halaiki. Hata ile kauli ya chama kushika hatamu, iliyoingizwa katika katiba ya Tanzania mwaka 1975, inafanana na Ubolsheviki katika nafasi ya chama juu ya serikali, lakini mlango wa chama ulikuwa mpana kuliko ule aliougombania Lenin.

Vijana wa Umma wenyewe walijiita makomredi, kwa ma- na si kwa wa-, na nawaomba wanaoandika tasnifu juu yao waliandike neno hilo kama walivyolitamka.