Kupima zege la barabara bila kulitoboa: mnyororo, nyundo na mawimbi

Haya wadau, habari za asubuhi. Ni saa kumi na mbili na nusu, tuko Kurasini kwenye yadi ya malori, na mwenye yadi ametukubalia tugonge zege lake mpaka tuchoke. Mnaoniuliza kwa nini sirekodi kwenye njia ya mwendokasi, maana pale Kimara mpaka Kivukoni nako ni zege: ndugu zangu, ile barabara ina wenyewe. Bila kibali na watu wa kuzuia magari, usiende kuinama pale.

Leo hatukati koa, yaani ile silinda ya zege inayopelekwa maabara. Tunapima bila kutoboa. Mahitaji: chaki, futi kamba, mnyororo mzito, nyundo ya Schmidt, altrasaundi ya zege na maji ya kunywa.

Kwanini alfajiri? Jua likishapanda, uso wa slabu, yaani kipande kimoja cha zege, unapata moto na kutanuka, katikati inainuka, pembe zinalala chini na jointi, yaani maungio ya slabu na slabu, zinabanana. Usiku ni kinyume chake, pembe zinanyanyuka. Kwa hiyo uwazi ulio chini ya pembe unaupata sasa hivi. Njoo saa saba mchana uone pembe hiyohiyo inavyojifanya mzima.

Hatua ya kwanza ni macho. Tembea, chora nyufa kwa chaki, andika namba ya slabu, hilo halihitaji video. Ila dogo, leta kamera hapa kwenye jointi. Karibu zaidi. Mnaona huu udongo laini umeganda pembeni, rangi ya chai ya maziwa? Haujaletwa na matairi, umetoka chini. Mvua inaingia kwenye jointi, lori linapita, slabu inabonyea na kurusha maji pamoja na udongo. Masika moja, masika mbili, chini panabaki patupu, halafu pembe inavunjika. Mtu anasema simiti ilikuwa mbovu, kumbe simiti haina kosa, maji ndiyo yamekula chini. Pitisha kidole hapa: slabu hii iko chini kidogo kuliko mwenzake. Weka alama, tutarudi.

Hatua ya pili, mnyororo. Unauburuta taratibu unasikiliza. Zege zima linalia kwa sauti kali, ya juu. Sikia hapo. Sasa hapa... subiri, lori hilo lipite kwanza. Bado. Haya. Hapa sauti imekuwa nzito, imepwaya, yaani ndani au chini pana uwazi. Ni kama kugonga tikiti pale sokoni Mabibo, ila huku mambo yamegeuka: tikiti likilia wazi unalinunua, slabu ikilia wazi unalia wewe. Rudia kwa nyundo ya kawaida, gonga kila hatua ya mkono, zungushia chaki mpaka sauti irudi kuwa kali. Binafsi hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho cha bei rahisi.

Hatua ya tatu, nyundo ya Schmidt, aliyoibuni mhandisi wa Uswisi, Ernst Schmidt, mwishoni mwa miaka ya 1940. Inagonga zege na kusoma inavyodunda: uso mgumu, namba kubwa. Kabla ya kazi igonge kwenye fuawe yake ya chuma, isome karibu na 80. Isiposoma hivyo, irudishe kwenye sanduku. Sugua uso wa zege kwa jiwe la msasa mpaka vumbi na ule utando wa juu utoke. Zege likiwa limelowa, namba inashuka, kwa hiyo tafuta pakavu.

Shika wima kabisa, sukuma polepole mpaka ijigonge yenyewe. Usiisukume kama unapiga pasi. Piga mara kumi, kila pigo liachane na lingine angalau milimita 25, na usirudie alama. Haya, tusome: 38, 40, 41, 39, 37, 42, 40, 29, 41, 39. Wastani 38.6. Hiyo 29 imepishana na wastani kwa zaidi ya 6, inatoka, pengine tumekanyaga kiputo. Tisa zilizobaki zinatupa karibu 39.7. Zingetoka zaidi ya mbili, tungefuta zote na kuanza upya.

Na msimwambie mteja "zege lako ni daraja fulani" kwa namba hiyo peke yake. Nyundo inasoma ngozi tu. Zege la zamani uso wake huwa mgumu kwa sababu ya hewa ya kaboni, namba inapanda, ndani hujui. Itumieni kulinganisha slabu na slabu.

Hatua ya nne, altrasaundi. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo nisikilizeni. Vichwa viwili, kimoja kinatuma mawimbi, kingine kinapokea, mashine inahesabu muda. Kati ya kichwa na zege lazima kuwe na jeli au grisi. Hewa ndiyo adui. Paka, bonyeza, zungusha kidogo mpaka jeli itokee pembeni.

Ona, tunapima sehemu isiyo na ufa, vichwa vikiwa milimita 200, katikati hadi katikati, muda kwa mikrosekunde: 50... 57... 63. Namba inaruka! Dogo, onyesha mkono wangu. Jua limeshakausha jeli upande huu. Futa, paka upya, jeli nyingi, usione huruma. Bonyeza. 50, 50, 50. Namba ikitulia mara tatu, ndipo uandike. Isipotulia usiandike. Nasema tena, isipotulia usiandike.

Milimita 200 kwa mikrosekunde 50 ni kilomita 4 kwa sekunde, zege zuri. Sasa tuuweke ufa katikati, milimita 100 kila upande. Jeli. Bonyeza. Tunapata 70. Mawimbi yamezunguka chini ya ufa. Gawanya 70 kwa 50, unapata 1.4, zidisha kwa yenyewe, 1.96, toa moja, 0.96, kipeuo chake cha pili ni karibu 0.98. Zidisha kwa 100: ufa una kina cha milimita 98 hivi. Ila ufa ukijaa maji au tope, mawimbi yanavuka katikati na utaambiwa ni mfupi. Baada ya mvua, subiri ukauke. Na usipime juu ya nondo, chuma kinakimbiza mawimbi.

Sasa rudini kwenye ramani yenu ya chaki. Ile pembe yenye udongo wa chai ndiyo imelia wazi, na nyundo imeipa namba nzuri tu. Kwa hiyo hapo hatuhitaji zege jipya la juu. Tunajaza chini kwa mchanganyiko wa simiti, tunaziba jointi, tunaelekeza maji kwingine. Na kama mteja bado anataka koa, tunajua pa kuikata, moja au mbili, si kutoboa yadi nzima.

Nyundo na altrasaundi nakodisha, fuawe inakuja bure pamoja nazo. Jeli jinunulie mwenyewe. Futeni zege la watu kabla hamjaondoka, grisi inateleza na bodaboda wanapita hapa.