Virusi vya Damu na Virusi vya Shahawa

Ndugu wasikilizaji, wanaume wanaoishi na VVU huuliza sana kliniki: majibu ya damu yakionyesha virusi vimeshuka, je, kwenye shahawa navyo vimeshuka? Kwa aliye kwenye dawa, mara nyingi ndiyo. Kwa asiyetumia dawa, damu inakupa makadirio tu.

Tuanze na huyo asiyetumia dawa. Kwa wastani, virusi katika shahawa huwa pungufu kama mara kumi kuliko katika damu. Mwenye nakala 100,000 za virusi kwa mililita ya plazima (maji ya damu yasiyo na seli) anaweza kukutwa na 10,000 hivi kwenye shahawa. Lakini wapo ambao shahawa zao zina virusi vingi kuliko damu yao. Maji mengi ya shahawa hutoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume, na huko zimo chembe nyeupe zilizoambukizwa zinazozalisha virusi papo hapo. Ndiyo maana aliyefunga kizazi kwa kukatwa mirija ya mbegu bado anaweza kuambukiza.

Kinachovuruga uwiano zaidi ni magonjwa ya zinaa. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 1997 uliwapima wanaume wenye VVU waliokuwa na maambukizi ya mrija wa mkojo, pamoja na wenzao wasiokuwa nayo. Virusi vya damu vililingana. Vya shahawa vilikuwa mara nane zaidi kwa wagonjwa, na kisonono ndicho kilichovipandisha zaidi. Wakatibiwa kwa antibiotiki, bila ARV, na ndani ya wiki mbili vikashuka sana. Kwa hiyo kipimo cha damu peke yake kisingegundua hatari ile. Anayetokwa usaha atibiwe siku hiyohiyo, na mwenzi wake pia.

Mtaniuliza: kwa nini basi tusipime shahawa zenyewe? Kazi yake ni ngumu. Sampuli husubiriwa kama nusu saa iyeyuke, kisha huzungushwa kwenye mashine kutenganisha seli na maji. Halafu shahawa zina kemikali zinazozuia PCR, yaani kipimo kinachohesabu vinasaba vya virusi, hivyo mashine inaweza kusoma sifuri wakati virusi vimo. Maabara makini huongeza kwenye sampuli kiasi kinachojulikana cha RNA (aina ya vinasaba) nyingine, isiyo ya VVU. Nayo isipoonekana, maana yake kipimo kilizuiwa, na jibu hilo halifai.

Kwa aliye kwenye ARV, damu inatosha. Ni kweli kwamba wachache wenye damu isiyoonyesha virusi hukutwa na nakala kidogo kwenye shahawa. Hofu hiyo ilijibiwa na utafiti wa PARTNER2, uliotolewa mwaka 2019: wapenzi wa kiume jozi 782, mmoja ana VVU na virusi vyake viko chini ya nakala 200, matendo ya ndoa bila kondomu takribani 76,000, na hakuna hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenzi huyo. Baadhi yao walikuwa na magonjwa ya zinaa wakati huo, na bado matokeo yalikuwa sifuri.

Anayeanza dawa aendelee na kondomu kwa miezi sita ya kwanza, hadi kipimo kithibitishe. Akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache, na shahawa hufuata. Hapo arudie dawa, arudie kondomu, na apimwe upya. Karatasi ya majibu ya zamani haimhusu tena.